Flo Hyman aliacha chuo akafuata voliboli, na muda ukamthibitishia

Ukiwa na miaka 20 na kitu, kuna swali moja utaulizwa popote ukoo wenu unapokutana. Harusini utaulizwa. Matangani utaulizwa. Desemba mkienda ushago utaulizwa hata kabla hujaweka mkoba chini: "Na chuo unamaliza lini?" Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo swali hilo nimelisikia kwa sauti zote: ya shangazi, ya mjomba, hata ya jirani ambaye jina langu halijui.

Tulia, sijaja kujitetea. Nimekuletea kisa cha mwanadada aliyekuwa moto wa kuotea mbali kwenye voliboli ya vyuo vya Marekani, akaondoka kabla ya kumaliza masomo. Jina lake lilikuwa Flora Jean Hyman, lakini dunia ya voliboli inamjua kama Flo.

Alipotakiwa kueleza uamuzi wake, jibu lake ukilifupisha lilikuwa hivi: shule unaweza kuirudia hata ukiwa na miaka 60, lakini ujana unakuja mara moja na mchezo huu nafasi yake ni moja. Jibu tamu, sivyo? Linapendwa sana na watu wanaotafuta sababu ya kuacha shule. Shida ni kwamba wengi wanaolipenda hawajasoma kisa hadi mwisho. Flo hakufika miaka 60. Hakufika hata 32.

Kwa hivyo soma hadi mwisho, kisha uamue mwenyewe kama alikosea.

Msichana aliyetembea ameinama

Flo alizaliwa Julai 31, 1954, akalelewa Inglewood, mji ulio ubavuni mwa Los Angeles, jimbo la California. Kwao walikuwa watoto 8, yeye akiwa wa pili. Baba alikuwa mfanyakazi wa usafi katika shirika la reli, mama akawa na mkahawa wake mdogo. Familia ya kawaida tu ya watu weusi wanaojitafutia, na mezani sahani ni nyingi.

Kitu ambacho hakikuwa cha kawaida ni kimo. Akiwa na miaka 12 alikuwa ameshafika futi 6. Alipoacha kukua alikuwa na futi 6 na inchi 5, yaani sentimita 196. Huo ni urefu wa kumfanya makanga ashangae.

Unajua vile watoto walivyo. Hata hapa kwetu msichana mrefu darasani anapewa majina, "twiga" likiwa la heshima zaidi. Flo naye alichekwa, akaanza kutembea ameinama ili afanane na wenzake. Ni watu wa nyumbani kwake waliomwambia asione haya, asimame wima, autumie urefu wake. Akaanza kucheza voliboli na dadake kwenye mchanga wa ufuo wa Santa Monica, na mwili ule aliotaka kuuficha ukapata kazi.

Baada ya shule ya upili ya Morningside, alikaa mwaka mmoja katika chuo cha El Camino. Kisha likaja jambo ambalo, ukilisoma haraka, unaweza kulipita. Mnamo 1974 Chuo Kikuu cha Houston, kule Texas, kilimpa ufadhili wa masomo kwa sababu ya mchezo. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika chuo hicho kupata ufadhili wa aina hiyo.

Wa kwanza kabisa! Wanaume walikuwa wakisomeshwa na mpira miaka nenda miaka rudi. Wanawake hawakuwa na bahati hiyo hadi Bunge la Marekani lilipopitisha sheria inayojulikana kama Title IX mwaka 1972. Sheria ile ilisema kwamba shule au chuo chochote kinachopokea pesa za serikali kuu hakiruhusiwi kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia yake. Haikutaja voliboli wala raketi. Lakini ghafla vyuo vikalazimika kujiuliza kwa nini pesa zote za spoti zinaenda kwa wavulana. Flo alipita kwenye mlango ambao rangi yake ilikuwa bado mbichi.

Na alipoingia, weh! Aliteuliwa mara tatu katika kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vya Marekani nzima, wale wanaoitwa All-American. Houston, chuo ambacho hakikuwa na jina kwenye voliboli ya wanawake, kikaanza kuhesabiwa kati ya vigogo. Mpira ukiwekwa juu ya wavu, Flo akiruka, wapinzani walikuwa wanajua utatokea wapi na bado hawakuweza kuufanya lolote.

Hapo ndipo alipofunga virago. Masomo yalikuwa yamebaki kidogo tu amalize.

Aliondoka akienda wapi?

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Tunasikia "aliacha chuo akachezea timu ya taifa" tukidhani aliacha daftari leo, kesho akawa kwenye ndege na hoteli ya nyota tano. Sivyo hata kidogo.

Timu ya taifa ya wanawake ya Marekani wakati huo ilikuwa hali mahututi. Ilikuwa haijashiriki Olimpiki tangu 1968. Mnamo 1975 kuna miezi ambayo hata kocha haikuwa naye, wasichana wakawa wanajiendea mazoezini wenyewe. Mshahara hakuna. Umaarufu hakuna. Mtu aliyeacha nafasi ya kusomeshwa bure ili aingie hapo, ukimweleza shangazi wa Desemba, atakuitia mchungaji.

Kisha akaja kocha Arie Selinger. Huyu alikuwa Mwisraeli mzaliwa wa Poland, ambaye utotoni alinusurika katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Timu ilikaa kambini mwaka mzima, ikifanya mazoezi kutwa, wiki baada ya wiki, jambo ambalo Wamarekani hawakuwa wamelizoea katika mchezo huo.

Flo alijua kushambulia. Selinger akamwambia hiyo ni nusu ya kazi. Ilibidi ajifunze kulinda, yaani kujitupa sakafuni na kuinua mipira iliyopigwa kwa nguvu na wapinzani. Wewe jaribu kuuangusha mwili wa futi 6 na inchi 5 kwenye mbao, uinuke, uuangushe tena, mara mia. Nyota wa vyuo akarudi kuwa mwanafunzi, safari hii bila cheti cha kungoja mwishoni.

Matunda nayo yakachelewa. Olimpiki ya Montreal 1976, Marekani haikufuzu. Kombe la Dunia la 1978, wakamaliza nambari 5. Hiyo kwa timu iliyotoka shimoni ilikuwa hatua kubwa, ila nambari 5 haina medali. Hatimaye wakafuzu kwa Olimpiki ya Moscow 1980, na safari hii walikuwa miongoni mwa timu zilizopewa nafasi ya kutwaa dhahabu.

Halafu siasa ikaingia uwanjani. Wanajeshi wa Muungano wa Kisovieti waliingia Afghanistan mwishoni mwa 1979, na Rais Jimmy Carter akaamua Marekani isiende Moscow. Miaka ya jasho ikaishia hapo. Hakukuwa na mechi ya kushindwa wala refa wa kulaumu.

Sisi Wakenya tunaijua hadithi hii vizuri, maana Kenya nayo haikwenda Moscow. Na miaka minne kabla ya hapo tulisusia Montreal pamoja na mataifa mengine ya Afrika, kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Muulize babu yako kuhusu Henry Rono. Huyo naye alikuwa mwanafunzi wa chuo Marekani, Washington State, na mwaka 1978 alivunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81 tu. Olimpiki mbili zilimpita akiwa moto, na hakuwahi kukimbia hata moja. Alituacha Februari 2024 bila hata kuonja mbio za Olimpiki.

Sasa jiweke katika viatu vya Flo mwaka 1980. Una miaka 26. Digrii huna. Medali huna. Wenzako mliosoma nao wana kazi na nyumba. Olimpiki nyingine ni baada ya miaka minne, na goti la mchezaji halijui kusubiri. Ungefanya nini?

Flo alibaki.

Fedha ya Long Beach

Mwaka uliofuata, kwenye Kombe la Voliboli la 1981 nchini Japani, alitajwa mshambulizi bora wa mashindano. Mwaka 1982 Marekani ikapata shaba katika mashindano ya dunia nchini Peru. Kisha ikafika 1984, na Olimpiki ikaja Los Angeles, nyumbani kabisa. Mechi za voliboli zilichezwa Long Beach, mwendo mfupi tu kutoka mitaa aliyokulia. Alitimiza miaka 30 michezo ikiendelea.

Kwenye hatua ya makundi Marekani iliilaza China seti 3-1. Mji ukawaka. Walipokutana tena kwenye fainali, watu walishaanza kuiona dhahabu.

China hiyo ilikuwa na Lang Ping, mshambulizi ambaye Wachina walimwita Nyundo ya Chuma. Nikukumbushe kwamba siku hizo seti iliishia pointi 15, na timu ilipata pointi pale tu ilipokuwa yenyewe imeanzisha mpira. Seti ya kwanza ilikuwa vita: China 16, Marekani 14. Ya pili ikawa kichapo cha 15-3. Ya tatu 15-9. Seti 3-0, mchezo umekwisha, dhahabu imeenda Beijing.

Kwa hivyo miaka 10 ya timu ya taifa ilimletea Flo medali moja ya Olimpiki, na ilikuwa ya fedha. Ukitaka kumcheka, nafasi ni hii. Lakini kabla hujacheka, jua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kuwahi kushindwa na Marekani katika voliboli, upande wa wanawake. Kabla ya kikosi cha Flo, kabati lilikuwa tupu. Dhahabu yenyewe ilikuja kupatikana Tokyo, kwenye michezo ya 2020 iliyochezwa 2021, mashindano yaleyale ambayo Malkia Strikers wetu walikuwepo. Kutoka fedha ya kwanza hadi dhahabu ya kwanza ni miaka 37. Kuna kazi ambazo anayepanda si yeye anayevuna.

Matsue, Januari 1986

Baada ya Olimpiki, Flo alienda Japani, nchi iliyompenda tangu 1981. Alisajiliwa na Daiei, timu ya kampuni ya maduka makubwa. Kwa mara ya kwanza maishani mchezo ukamlipa vizuri. Timu ilikuwa ya madaraja ya chini, naye akasaidia kuipandisha. Mpango wake ulikuwa kumaliza msimu, kisha arudi nyumbani kabisa mwaka 1986.

Januari 24, 1986, Daiei walikuwa wakicheza dhidi ya Hitachi katika mji wa Matsue. Flo alibadilishwa, akaenda kuketi kwenye benchi. Aliwahimiza wenzake waendelee kupambana. Muda mfupi baadaye akateleza kutoka kwenye kiti, akaanguka sakafuni. Alifariki jioni hiyohiyo. Alikuwa na miaka 31.

Mwanzoni ilisemekana ni mshtuko wa moyo. Familia haikuridhika, na mwili uliporejeshwa California ukafanyiwa uchunguzi. Hapo ukweli ukatoka. Moyo wenyewe ulikuwa mzima, moyo wa mwanariadha. Kilichopasuka ni aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni na kuisambaza mwilini. Ulikuwa na sehemu dhaifu aliyozaliwa nayo, kwa sababu alikuwa na ugonjwa wa Marfan bila yeye wala daktari yeyote kujua.

Marfan, ugonjwa uliopewa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1896, ni hitilafu ya kurithi. Katika miili yetu kuna nyuzi laini zinazoshikilia kila kitu pamoja: mishipa, viungo, macho, mapafu. Mwenye Marfan nyuzi hizo zake hazina nguvu inavyotakiwa. Mara nyingi huwa mrefu kuliko jamaa zake, mikono na miguu mirefu, vidole virefu vyembamba. Wengine uti wa mgongo unapinda, wengine kifua kinaingia ndani au kutokeza nje, wengine macho yanasumbua tangu utotoni. Yote hayo unaweza kuishi nayo. Hatari iko kwenye aota, ambayo hutanuka polepole, mwaka baada ya mwaka, bila maumivu, hadi siku inapochanika. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 5,000 anao ugonjwa huu, na haubagui kabila wala rangi.

Umeona mtego ulipo? Urefu ule, mikono ile mirefu, vitu vilivyomtoa Inglewood vikampeleka Houston, Los Angeles na Japani, ndivyo vilivyokuwa dalili. Makocha walimtazama wakaona mshambulizi. Wapiga picha walimtazama wakaona nyota. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemtazama akafikiria kumpima.

Kuna jambo moja la kushukuru katika msiba huo. Baada ya uchunguzi, ndugu zake nao wakapimwa. Mmoja wao wa kiume akagundulika kuwa na tatizo hilohilo, akafanyiwa upasuaji wa moyo mapema, akaponea. Kifo cha dada kilimwokoa kaka.

Sasa, alikosea?

Turudi kwa lile jibu lake la miaka 60. Ukilisoma ukijua alivyoisha, linauma. Aliamini shule itamngoja, na shule kweli ingemngoja, ila yeye hakuwa na muda wa kurudi.

Lakini igeuze hesabu hiyo. Tuseme angebaki Houston, amalize, apate kazi ya ofisini, aseme voliboli ataishughulikia baadaye. Ile sehemu dhaifu kwenye aota ingekuwa palepale. Haikuletwa na voliboli, alizaliwa nayo. Pengine angepata miaka kadhaa zaidi, pengine asingepata, hilo hakuna ajuaye. Tunachojua ni kwamba kitu alichokichagua ndicho kilichokuwa na tarehe ya mwisho, na alikichagua wakati bado kipo. Kwangu mimi, hapana, hakukosea.

Hata hivyo, usikimbilie kuandika barua ya kuacha chuo leo jioni ukitumia jina la Flo. Hebu tuambiane ukweli, wewe na mimi. Flo hakuacha chuo kwa sababu kilimchosha. Hakuacha kwa sababu msee fulani mtandaoni alisema digrii ni karatasi. Aliacha akiwa tayari ameshajithibitisha mara tatu mbele ya nchi nzima. Alijua kwa jina mahali anapokwenda. Na alipofika, akakuta mazoezi ni makali kuliko darasa lolote, malipo ni haba, na matokeo yanachukua mwongo mzima.

Wengi wetu tulioacha chuo, sababu zetu ni nyingine: karo, mimba, ugonjwa nyumbani, kozi ambayo hukuichagua wewe. Hakuna aibu hapo. Lakini tusijivike kisa cha mtu mwingine. Kama umeacha, au unapanga kuacha, jiulize maswali mawili. La kwanza: hicho ninachokifuata, kweli hakiwezi kungoja? Mwili wa mchezaji hauwezi. Biashara ya mitumba inaweza kuanzishwa ukiwa na miaka 40. La pili: niko tayari kufanya mazoezi ya miaka 10, nipate fedha badala ya dhahabu, na bado niseme ilistahili? Ukijibu ndiyo kwa yote mawili bila kumung'unya maneno, basi wewe na Flo mnaelewana.

Mlango aliouacha wazi

Kitu kingine ambacho hukisikii sana: Flo hakusahau alikotoka. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi ulioipunguza makali Title IX, ile sheria iliyompa nafasi Houston. Sheria ikawa inabana tu idara inayopokea pesa za serikali kuu moja kwa moja, si chuo chote. Idara za spoti zikapumua.

Flo alienda Washington kuwashawishi wabunge warekebishe hali hiyo, akiwa upande mmoja na majina makubwa kama Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King, na mwanaanga Sally Ride. Alikuwa na medali shingoni, angeweza kuketi kitako ale maisha. Akaona wasichana wanaomfuata watafungiwa mlango.

Sheria ya kurekebisha mambo ilipita Machi 1988, wabunge wakiipitisha juu ya pingamizi la Rais Ronald Reagan. Flo alikuwa kaburini miaka miwili. Lakini mwaka 1987 Wamarekani walianza kuadhimisha siku ya kitaifa ya wasichana na wanawake katika michezo, iliyoanzishwa kwa kumbukumbu yake, nayo ipo hadi leo. Pia ikaanzishwa tuzo yenye jina lake, na wa kwanza kuipokea akawa nyota wa tenisi Martina Navratilova. Bila digrii, bila dhahabu, na bado wanaspoti wenye dhahabu walipanga foleni kupokea tuzo ya jina lake.

Na hapa kwetu?

Tazama mashindano ya shule za upili, mechi za wasichana wa Kwanthanze na wapinzani wao. Tazama ligi, KCB na Kenya Pipeline wakikabana koo. Utawaona wasichana warefu wanaoruka kama wamefungwa springi. Wengi walionwa na mwalimu wa michezo akasema, "Wewe, hebu kuja hapa, una futi ngapi?" Hivyo ndivyo vipaji hupatikana, na ni jambo zuri. Malkia Strikers wamefika Olimpiki mara 4, za 2000, 2004, 2020 na 2024, kwa sababu kuna mtu aliyewaona wakiwa wadogo.

Ombi langu ni kwamba baada ya kumpima urefu, tuupime na moyo. Kipimo kipo. Kinaitwa eko, kinatumia mawimbi ya sauti kuonyesha moyo na aota, hakina sindano wala kisu. Tatizo likigunduliwa mapema, kuna dawa za kupunguza msukumo kwenye mshipa, na kuna upasuaji wa kuuimarisha kabla haujachanika. Mwenye Marfan anayefuatiliwa na daktari anaweza kuishi maisha marefu, ingawa huenda akashauriwa aache michezo ya nguvu.

Hilo la mwisho linauma, najua. Isaiah Austin, mchezaji wa vikapu wa chuo cha Baylor, Texas, aligundulika na Marfan siku chache tu kabla ya usajili wa NBA mwaka 2014. Ndoto ikasimama ghafla. NBA ilimwita jukwaani kwa heshima siku ya usajili, akalia, na dunia ikalia naye. Lakini alilia akiwa hai. Miaka miwili baadaye madaktari wakamruhusu kurudi uwanjani, akaenda kucheza ng'ambo.

Usianze kuogopa kila mrefu unayemwona. Warefu wengi sana hawana tatizo lolote, na wapo wenye Marfan ambao si warefu hivyo. Cha kuangalia ni dalili kadhaa kwa pamoja, na zaidi ya yote, historia ya ukoo. Mzazi mwenye Marfan ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto. Kama kuna mjomba mrefu aliyeanguka ghafla akiwa na miaka 35, na mkaambiwa alirogwa, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari. Na ukisikia maumivu makali ya ghafla kifuani au mgongoni, kama kitu kinachochanika, usilale ukisubiri asubuhi. Kimbia hospitali.

Kwa hivyo kama nyumbani kwenu kuna binti mrefu anayetembea ameinama kwa sababu wenzake wanamwita twiga, mwambie asimame wima. Mtafutie mpira. Na wiki hiyohiyo, kabla hajazoea kuruka, mpeleke akapimwe.